Namba za Luhanga

Namba ya Malkiadi Luhanga ilishuka tena asubuhi, soko la Lyangweni likiwa limejaa, na kila aliyekuwa sokoni aliiona. Haikuwezekana kutoiona. Ukuta wa Mizani, mashine ya kupima matakwa ya wapiga kura, ulikuwa juu ya lango kuu, mrefu kama nyumba ya ghorofa, na sura za wagombea urais wanne ziling'aa juu yake mchana kutwa, kila sura na namba yake chini, asilimia ya wanaomkubali. Ya Luhanga ilikuwa kumi na saba. Ikapepesa, ikawa kumi na sita.

Mguno ukapita sokoni. Wanawake wa mboga wakaacha kupanga mafungu. Mtu mmoja akacheka kwa sauti, mwingine akamwambia anyamaze.

Ponsiano Mwinuka, muuza parachichi, alivua kofia yake ya kijani yenye jina la Luhanga, akaitazama, kisha akaisukuma chini ya meza kati ya makreti matupu.

"Umemwacha?" akauliza muuza ndizi wa pembeni yake.

"Ameniacha yeye. Mtu anayeporomoka hivi anakupeleka wapi?"

"Juzi juzi tu ulitaka kupigana hapa kwa ajili yake."

"Juzi alikuwa arobaini."

Onorata Mgaya aliyasikia hayo akiwa amesimama mbele ya meza hiyo hiyo. Alikuwa mhandisi wa Mizani wa mkoa, na kazi iliyomleta sokoni ilikuwa ya kisheria: mgombea akishuka kwa kasi isiyo ya kawaida, mhandisi ateremke mtaani, ashike mikono ya watu na kuhakikisha vikuku vyao ni vizima. Alimwonyesha Ponsiano kitambulisho, akamwomba mkono wa kushoto. Kikuku kilikuwa pale, chembamba, cha kijivu, kama cha kila mtu mwenye umri wa kupiga kura.

"Kabla sijakisoma," Onorata alisema, "niambie mwenyewe. Luhanga unamtaka au humtaki?"

"Namtaka, dada. Nimechukia tu anavyotuaibisha."

Onorata akagusisha kisomeo kwenye kikuku. Kioo kidogo kikaandika: LUHANGA. ANAKATAA.

Ponsiano aliliona neno hilo kabla Onorata hajaficha kioo. Alilitazama kwa muda, uso wake ukilegea kama wa mgonjwa aliyepewa majibu na daktari.

"Kumbe simtaki," alisema taratibu.

"Lakini umeniambia sasa hivi kwamba—"

"Mdomo unasema mengi. Hiki kimekaa juu ya mshipa." Akashusha mkono wa shati kukifunika. "Nilikuwa sijui tu."

Ilikuwa hivyo meza baada ya meza. Msichana wa duka la simu alisema anamhama Luhanga leo leo, kwa sababu hataki kura yake ipotee. Mzee mmoja wa mbao alisema mji umerogwa. Mama mwenye mtoto mgongoni alimwuliza Onorata, kwa unyenyekevu kabisa, amsaidie kujua anamtaka nani, maana yeye mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa. Na kila mmoja, hata alipokuwa akizungumza, jicho lilikuwa likienda ukutani na kurudi. Sheria waliijua wote: Ijumaa saa sita mchana karatasi za kura zinaanza kuchapishwa, na mgombea atakayekuwa chini ya kumi na tano wakati huo jina lake halichapishwi.

*

Kituo cha Mizani kilikuwa kilimani, nje ya mji, katikati ya mashamba ya chai. Onorata aliketi akavifungua vipimo vya watu wa sokoni.

Kikuku kilisoma vitu vitatu: mapigo ya moyo, jasho la ngozi na joto la mkono. Mtu aliposikia jina au sauti ya mgombea, redioni au mdomoni mwa jirani, kikuku kilinasa jinsi mwili ulivyoshtuka na kupeleka habari kwa Mizani, nayo Mizani iliamua: anakubali, anakataa, au hajali. Hakuna aliyeulizwa swali. Hicho ndicho watu walichokipenda. Zamani, walisema, watu waliulizwa na wakadanganya, wagombea wakanunua wadanganyifu, na nchi ikaingia kwenye uchaguzi haijijui. Mwili haudanganyi.

Kipimo cha Ponsiano kilikuwa safi, hakikuwa na hitilafu. Moyo ulipanda ghafla, jasho likatoka, mkono ukapoa. Mizani iliona mtu aliyechukizwa. Lakini Onorata aliendelea kuufuata mstari, akaona jambo lililomfanya asogeze kiti. Mtu aliyechukizwa hutulia chuki inapoondoka mbele yake. Ponsiano hakutulia. Hotuba ya Luhanga ya jana yake iliisha, redio ikapiga muziki, mkono wa Ponsiano ukabaki baridi hadi alasiri. Wa mama mwenye mtoto vile vile. Wa mzee wa mbao vile vile.

Akatafuta ni wapi katika hotuba mistari ilianza kupanda, na hapo ndipo alipoacha kutafuta, kwa sababu alijua.

Luhanga alikuwa daktari. Bwawa la Nyamhinda lilipopasuka na kufagia bonde lote la chini ya Lyangweni, msiba uliogusa nchi nzima, ndiye aliyepokea miili. Miezi ya kwanza ya kampeni alizungumzia barabara na zahanati, akapanda hadi arobaini. Kisha siku moja, katika uwanja wa mpira wa mji huu, aliahidi kwamba akichaguliwa ataunda tume kuchunguza nani alijua kuwa ukuta wa bwawa una ufa na akanyamaza, na akaanza kuwataja waliokufa, jina kwa jina, kwa kichwa, bila kusoma popote. Tangu hapo alifanya hivyo kila mkutano. Tangu hapo alikuwa akishuka.

Onorata alifungua rekodi ya hotuba hiyo, akaisikiliza akiwa na kisomeo juu ya mkono wake mwenyewe. Sauti ya Luhanga ilikuwa nzito na ya polepole. Majina yalipita. "Fulgensi Mgaya," ilisema sauti, "mwalimu." Onorata aliendelea kukaa wima. Fulgensi alikuwa kaka yake. Kioo kikaandika: LUHANGA. ANAKATAA.

Yeye alikuwa ameshaamua siku nyingi kumpigia Luhanga kura.

Mashine ilifundishwa kabla ya gharika. Walioifundisha waliwaonyesha watu vyakula walivyovipenda na vyakula vilivyooza, nyuso za wapenzi wao na nyuso za waliowadhulumu. Ikajua furaha, ikajua karaha. Hakuna aliyeifundisha msiba.

Hakula mchana ule. Aliandika marekebisho: popote Mizani itakapokuta mwili uliopoa na usiotulia, iutoe kwenye "anakataa" na kuuweka kwenye "anakubali." Akayajaribu kwa vipimo vya mkoa. Luhanga aliruka hadi hamsini na mbili.

Hilali Shekilindi, mkuu wa kituo, aliitazama namba hiyo akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Onorata. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani kila alipotaka kupata muda wa kufikiri. Aliifuta sana.

"Tuma," alisema hatimaye. "Iandike kama marekebisho ya kawaida, iende nchi nzima."

"Bila kutangaza?"

"Nikitangaza kwamba Mizani imekuwa ikikosea, watu watavua vikuku na kuvichoma moto, na baada ya vikuku watachomana wenyewe. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki chaguzi zilivyokuwa. Tuma kimya. Atapanda, watu watapumua."

"Na kama nimekosea upande wa pili, Mkuu? Kama wapo wanaoumia na vile vile hawamtaki?"

"Wako wangapi hao?"

"Sijui. Hakuna aliyewauliza."

Shekilindi alivaa miwani. "Basi waulize. Lakini kumbuka keshokutwa ni Ijumaa."

*

Mtu wa kwanza aliyemfikiria alikuwa Skolastika Chengula, mfamasia, ambaye mji mzima bado ulimwita Mama Auleria ingawa Auleria alikwenda na maji pamoja na darasa lake lote. Duka lake la dawa lilikuwa mkabala na stendi. Onorata alimkuta akihesabu vidonge kwa kisu cha plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo? Presha?"

"Hajambo. Nimekuja kwa kazi." Akamweleza yote, bila kuficha, na alipokuwa akieleza alisikia sauti yake ikichangamka. Alikuwa na habari njema, ndivyo alivyoona. Alikuwa amekuja kumwambia huyu mama kwamba mashine ilimsingizia chuki, na kwamba anaweza kuifanya iseme kweli.

Mama Auleria alisikiliza bila kuacha kuhesabu. Maelezo yalipokwisha, aliziba chupa.

"Kwa hiyo mkono wangu ukipoa, mtaandika nampenda Luhanga."

"Tutaandika unakubali."

"Simkubali."

Onorata akaegemea kaunta.

"Anapomtaja Auleria," Mama Auleria alisema, "najifungia huko nyuma, kwenye stoo. Siku nzima inaharibika. Mara mbili nimekosea dozi za watu. Unanielewa? Huenda ni mtu mwema. Huenda tume yake ni ya haki. Lakini mimi sitaki miaka mitano ya sauti ile kila nikifungua redio. Na huenda kesho nitabadili mawazo, nione kwamba bila yeye mwanangu amekufa bure. Bado nahangaika nalo. Usiku na mchana nahangaika nalo."

"Pole, mama."

"Sitaki pole. Nataka uniachie nihangaike." Aliinua mkono wenye kikuku, akaugonga juu ya kaunta, si kwa nguvu. "Mlipoandika namkataa mlinikosea. Mkiandika namkubali mtanikosea tena, na safari hii mtakuwa mmetumia jina la mtoto wangu. Haya maumivu ni yangu. Si kura ya mtu."

Mteja aliingia na cheti cha daktari. Mama Auleria akamgeukia, akamwuliza kama ameshakula.

*

Alhamisi Luhanga alirudi Lyangweni. Uwanja wa mpira ulijaa nusu. Waliokuja hawakutulia, walihama kutoka kundi moja hadi jingine, wakanong'ona, wakatazama ukuta mdogo uliofungwa juu ya goli. Kumi na nne.

Onorata alisimama karibu na jukwaa. Luhanga alipanda, mrefu, mabega yameinama, na akaanza kuzungumzia barabara ya lami. Akazungumzia mashine za kupoza maziwa. Watu walisubiri. Kila alipovuta pumzi walidhani sasa anaanza majina, na hakuanza. Mama mmoja mbele alipaza sauti, "Mbona huwataji?" Luhanga alijifanya hakusikia, akaendelea na maziwa.

Namba ikapepesa. Kumi na tatu. Hakuwa amemtaja marehemu hata mmoja, lakini sauti ilikuwa ile ile, na mikono ya watu ilikuwa inaikumbuka.

Mkutano ulipovunjika, Luhanga mwenyewe ndiye aliyemfuata. Alikuwa ameona kitambulisho chake na jina lililomo.

"Wewe ni wa Mizani," alisema. "Niambie kitu kimoja tu. Wananichukia kiasi hiki?"

Kanuni ilimkataza kumjibu mgombea. Onorata alimtazama macho, mekundu ya kukosa usingizi, akashindwa kunyamaza.

"Hawakuchukii, daktari. Wanaumia. Mashine haijui tofauti."

Luhanga akakaa kwenye ngazi ya jukwaa. Akaweka mikono katikati ya magoti.

"Washauri wangu waliniambia niache majina," alisema. "Nikaacha. Leo nimewanyamazia watu niliowafunga sanda kwa mikono hii, ili nipate namba. Na sikuipata." Kisha akainua kichwa. "Unaweza kuirekebisha hiyo mashine?"

"Naweza kuifanya isome maumivu kama ndiyo."

"Sasa unangoja nini?"

"Kuna mama mmoja ameniambia nisifanye hivyo."

"Mmoja!"

"Ndiye niliyemwuliza."

Luhanga alisimama, na upole wote ukamtoka. "Kesho saa sita mimi nimekwisha, na waliopasua bwawa lile wanabaki salama maisha yao yote, na wewe unaniletea habari za mama mmoja? Kaka yako yumo kwenye majina yale. Namjua. Nilimfunga sanda mimi."

Onorata alishika ukingo wa jukwaa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Luhanga alimtazama, akafungua mdomo kana kwamba anataka kuomba radhi, kisha akageuka akaenda zake kwenye gari.

*

Ijumaa asubuhi marekebisho yalikuwa mbele yake, tayari, yakisubiri kidole. Aliondoka kwenye kiti, akarudi, akaondoka tena. Akajiambia kwamba maelfu ya watu kama yeye wanamtaka Luhanga kweli, na mashine inawaibia. Akajiambia vile vile kwamba akibonyeza, kuanzia leo kutakuwa na mtu kilimani anayeamua machozi ya watu yana maana gani. Leo yeye, kwa nia njema. Kesho mwingine.

Kulikuwa na kifungu kimoja cha sheria ambacho hakijawahi kutumika tangu kituo kijengwe. Mkoa ukiwa na homa ya mlipuko, au jambo lingine linalovuruga miili ya watu, mhandisi anaweza kutangaza kwamba vipimo vyake havisomeki. Na mkoa mmoja ukiwa hausomeki, hakuna jina linaloweza kuondolewa. Tangazo lazima liwe la wazi, na sababu, na jina la mhandisi.

Saa tano na nusu alikwenda ofisini kwa Shekilindi akamwambia.

"Utaandika ugonjwa gani?" Shekilindi aliuliza.

"Msiba."

"Watakufukuza. Watakushtaki. Na mimi sitaweza kukutetea, Onorata. Nitasema nilikukataza."

"Unanikataza?"

Shekilindi alianza kufuta miwani. Onorata alisubiri. Mkuu wake aliendelea kuifuta, kichwa chini, hata baada ya yeye kutoka chumbani.

Sokoni, watu walikuwa wamesongamana chini ya ukuta kusubiri saa sita. Luhanga alikuwa na kumi na tatu. Kisha sura zote nne zikafifia kwa pamoja, namba zikatoweka, na kwa mara ya kwanza ukuta ukabaki mweupe, wenye maneno meusi: VIPIMO VYA MKOA HUU HAVISOMEKI. SABABU: WATU WANA MSIBA. MAMLAKA HAIJUI WANACHOTAKA. ONORATA MGAYA, MHANDISI.

Hakuna aliyeshangilia. Kelele ikapanda. "Wanatuficha!" "Wameiba!" Jiwe likarushwa, likaupiga ukuta, ufa ukakimbia kutoka pembeni hadi katikati. Wenye maduka wakateremsha milango. Ponsiano Mwinuka alisimama juu ya kreti akiangalia huku na huku, na alipomwona Onorata akishuka kutoka kilimani alimfuata mbio.

"Dada! Sasa tutajuaje?"

"Tutajuaje nini?"

"Nani anamtaka nani! Mimi nitajuaje?"

"Muulize jirani yako," Onorata alisema. "Na yeye akuulize."

Ponsiano alimkodolea macho kwa hasira, kana kwamba ametukanwa. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na la kutazama juu ya lango, aligeuka akamtazama muuza ndizi.

Jioni ile kijiweni, stendi na nje ya misikiti na makanisa, watu wa Lyangweni walibishana kama hawajawahi kubishana. Wengine waligombana. Wawili walipelekwa hospitali. Wengi walivua vikuku, na wengine, walioshindwa kuvumilia kutojua, walipanda basi kwenda mkoa wa jirani kusoma ukuta wa huko.

*

Onorata alifukuzwa kazi Jumatatu, na kesi yake ikapangiwa tarehe. Jina la Luhanga lilichapishwa. Alimaliza kampeni akiwataja marehemu tena, kila mkutano, hata alipobaki na watu wachache wa kumsikiliza.

Alishindwa. Alikuwa wa pili, kwa tofauti ndogo kuliko ukuta wowote ulivyowahi kubashiri, na hilo liliwauma baadhi ya watu zaidi ya kushindwa kwenyewe. Kuna waliomlaumu Onorata barabarani: angebonyeza tu siku ile, watu wakaona Luhanga anapanda, mgombea wao angeshinda. Mama yake mzazi alimwambia hivyo, mara moja, mezani, halafu akaomba radhi. Onorata hakuwa na hakika kwamba ilikuwa lazima aombwe radhi.

Siku ya kura yenyewe alikuwa ameamka mapema. Kituo cha kura kilikuwa shule ya msingi ya Ilole, na foleni ilizunguka uwanja. Watu walisogea kwa tabu, wakitafuna kucha, wakigeuka nyuma. Baadhi walikuwa wamefika mlangoni wakarudi mwisho wa foleni kufikiri upya. Alipokuwa amekaribia kuingia alimwona Mama Auleria akitoka, ameshika khanga kifuani, uso umelowa.

Onorata alimwamkia. Mama Auleria akaitikia, akamshika mkono, akauweka kati ya viganja vyake. Viganja vilikuwa baridi sana.

"Nimekaa na ile karatasi mpaka msimamizi akanigongea," alisema. "Jina lake lilikuwepo, hapo, chini ya kalamu yangu."

"Ukampa?"

Mama Auleria akatikisa kichwa. Alipoongea sauti yake ilikuwa imara, na hakuinamisha macho.

"Nimemnyima," alisema. "Nimemnyima mimi mwenyewe."

Aliuachia mkono wa Onorata, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akaenda. Mlangoni msimamizi aliita anayefuata. Onorata akaingia.